Saa ya ufunguo haijazi? Sikiliza vidole kabla ya kushika bisibisi

Saa ya mkono ya mitambo ikikataa kujaa, vidole hujua mapema kuliko macho. Jinsi ufunguo (kile kichwa cha pembeni) unavyozunguka hukuonyesha ni kipuri gani kimegoma, na mara nyingi utakijua kabla hujafungua mfuniko wa nyuma. Kwa hiyo tunaanza na vidole, ndipo tuingie ndani.

Hatua ya 1: Hakikisha saa yenyewe inajazwa kwa ufunguo

Saa nyingi zinazopelekwa kwa fundi kwa madai kwamba hazijazi hazina ubovu wowote. Seiko 5 zenye mashine ya 7S26, na zile za zamani zenye 7009, hazikuwekewa kabisa njia ya kujaza kwa ufunguo. Ufunguo wake ni wa kurekebisha saa, siku na tarehe, basi. Uzungushe kutwa nzima, kamani (springi kuu inayotunza nguvu ya saa) haitajua. Hujazwa na rota, lile bamba zito la nusu duara linalozunguka mkono unapotikisika. Zilizofuata zenye mashine ya 4R36 hujaa kwa njia zote mbili. Kuzitofautisha, soma mfuniko wa nyuma: herufi na namba nne za kwanza kabla ya kistari, kwa mfano 7S26-, ndilo jina la mashine.

Kama ni 7S26, ilaze uso ukiwa juu, uizungushe polepole kushoto na kulia kwa nusu dakika. Akrabu ya sekunde ikianza kutembea, ivae siku nzima kabla ya kuihukumu. Mtu anayekaa mezani kutwa nzima mkono ukiwa umetulia anaweza kuikuta imesimama alfajiri, na saa ikawa haina kosa.

Jambo lingine linalowatisha watu bure: Vostok Amphibia, saa ya Kirusi ya kuzamia. Ukifungua ufunguo wake wa kukaza kwa uzi, kichwa hulegea na kucheza kama jino bovu. Ndivyo ilivyoundwa. Ukitaka kuijaza, kivute kidogo sana nje huku ukizungusha.

Hatua ya 2: Soma ufunguo

Zungusha mbele polepole, kisha nyuma. Saa ya ufunguo isiyo na ubovu hutoa mlio wa kizuizi (kipande kinachozuia kamani isirudi nyuma) ukienda mbele, na mkwaruzo laini wa "krr" ukirudi nyuma. Huo wa nyuma si ubovu: ni gia mbili zenye meno ya msumeno kwenye kijiti cha ufunguo zinazoteleza juu ya mwenzake kwa makusudi.

Ufunguo unazunguka bila mwisho, mlio wa kizuizi upo, lakini haukazi kamwe. Kwa saa isiyo ya automatiki (isiyojazwa na rota), kamani imekatika au ndoano yake imetoka mahali pake. Kwa automatiki hiyo ni hali ya kawaida, maana mwisho wa kamani yake huteleza kwenye ukuta wa pipa (kikopo kinachobeba kamani) ili isikatike ikijaa.

Unazunguka mtupu, mbele kimya, nyuma kimya. Uvute hadi nafasi ya kuweka saa. Akrabu zikikataa kusogea pia, kichwa kimelegea kwenye uzi wa kijiti, au kijiti chenyewe kimekatika. Akrabu zikisogea vizuri, kichwa na kijiti ni wazima; gia inayoteleza haifikii mwenzake, na kosa liko kwenye mkono mdogo unaoisukuma au springi yake. Vipuri hivyo viko upande wa uso wa saa. Kuvifikia ni lazima ung'oe akrabu na uso, na asiyewahi kufanya kazi hiyo asianze na saa ya urithi.

Unajaa, lakini ukiuachia unarudi nyuma kwenye vidole. Kizuizi au springi yake imevunjika. Usiendelee kujaza: kamani ikifyatuka yote kwa mkupuo inaweza kung'oa meno ya magurudumu.

Unaanza vizuri, kisha nguvu ikiongezeka unaruka "trak, trak". Meno yamelika, au skrubu ya gurudumu la ufunguo (dogo linalopeleka mzunguko wa ufunguo kwenye pipa) imelegea hadi gurudumu linainuka.

Mgumu tangu mzunguko wa kwanza. Hapa ni kutu au grisi iliyokauka. Watu wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam huiona sana hii, kwa sababu jasho na hewa ya chumvi hupenya pale mpira wa ufunguo ulipochakaa.

Umekaza kabisa na saa haitembei. Watu husema "imejazwa kupita kiasi". Hakuna ugonjwa huo. Kamani iliyojaa haisimamishi saa; kilichoisimamisha ni uchafu, mafuta yaliyoganda, au ncha ya mhimili iliyovunjika. Anayelazimisha mzunguko mmoja zaidi ndiye anayegeuza kazi ya kusafisha kuwa kazi ya kubadilisha kamani.

Hatua ya 3: Fungua, kisha toa nguvu

Utahitaji lenzi ya jichoni, koleo ndogo ya ncha kali, bisibisi za milimita 0.8, 1.2 na 1.6, vijiti vya meno vya mbao, na bakuli jeupe la kuwekea skrubu. Mfuniko wa uzi ukiwa haukukazwa sana hufunguka kwa mpira wa mkononi unaonata; wa kubana una mdomo mdogo wa kuingizia kisu butu.

Usiguse skrubu yoyote kabla ya kutoa nguvu ya kamani. Tafuta gurudumu kubwa lenye skrubu katikati: hilo ni gurudumu la pipa, limekaa juu ya pipa la kamani. Ubavuni mwake kuna kizuizi, kipande kidogo kilichoingiza pua kati ya meno. Shika ufunguo kwa nguvu, uzungushe mbele kiasi cha jino moja ili kizuizi kilegee, kisukume pembeni kwa kijiti cha meno, halafu uachie ufunguo uteleze polepole kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiuachia ghafla, utasikia mlio ambao hutausahau.

Kwenye 7S26 ufunguo haufiki huko. Weka bisibisi kwenye skrubu ya gurudumu la pipa, uishikilie imara, sukuma kizuizi, na uachie bisibisi irudi kidogo kidogo.

Hatua ya 4: Kizuizi na magurudumu ya juu

Ukiwa na lenzi, angalia mambo matatu. Springi ya kizuizi, waya mwembamba kama unywele wa farasi: imekaa mahali pake, au imeruka? Pua ya kizuizi: ni kali au imeviringika? Halafu meno ya gurudumu la ufunguo, lile dogo lililoshikana na gurudumu la pipa. Jino zima lina kilele na pande zinazong'aa sawasawa. Lililolika lina upande mmoja uliochongoka kama pezi la papa, na mara nyingi kuna vumbi la chuma jeusi pembeni yake.

Hapa ndipo skrubu nyingi huvunjwa. Skrubu ya gurudumu la ufunguo kwenye mashine nyingi ina uzi wa kinyume: hufunguka kwa kuzungushwa kulia. Watengenezaji wengi huiwekea alama ya mistari mitatu kichwani, lakini si wote. Ikigoma upande mmoja, jaribu upande wa pili kabla ya kuongeza nguvu.

Magurudumu haya yakilika, badilisha yote mawili. Gurudumu jipya likisukumana na la zamani, meno yaliyochakaa yatakula mapya.

Kichwa kilicholegea kwenye kijiti ni kazi nyepesi. Toa kijiti kwa kubonyeza kitufe chenye kitundu karibu na kinapoingilia, au kwa kulegeza skrubu yake. Kama ni skrubu, mzunguko mmoja hadi mmoja na nusu unatosha. Ukiitoa yote, mkono unaoshika kijiti huangukia chini ya uso, na sasa una kazi ya saa mbili badala ya dakika kumi. Safisha uzi kwa petroli ya kujazia viberiti, uache ukauke, tia chembe ya gundi ya uzi ya nguvu ya kati, ukaze. Ukinunua kijiti kipya, pima uzi: saa nyingi za kiume hutumia milimita 0.90. Kikate kirefu kidogo, kisha kipunguze kwa tupa huku ukijaribu. Kilichokatwa kifupi hakirefuki.

Hatua ya 5: Kamani

Toa daraja la pipa (bamba linaloshikilia pipa), lakini ukiwa umekwisha kutoa nguvu. Bonyeza pipa kwa vidole pande mbili, mfuniko wake utachomoka. Kamani za zamani za chuma cha bluu hukatika vipande. Za aloi za sasa hukatika kwa nadra, na mara nyingi kilichotokea ni jicho la ndani kuacha ndoano ya mhimili wa pipa. Hilo hurekebishwa kwa koleo: funga mzunguko wa ndani kabisa uukumbatie mhimili vizuri.

Kama imekatika, pima kimo, unene, urefu na kipenyo cha ndani cha pipa; kamani huagizwa kwa vipimo hivyo vinne. Unene pima kwa maikromita, usikisie. Nguvu ya kamani hupanda kwa mchemraba wa unene: ukiweka ya milimita 0.11 badala ya 0.10, umeongeza nguvu kwa asilimia 33. Gurudumu la mizani (lile linaloyumba huku na huko kupima muda) litapita mwisho wake na kugonga, na saa itakimbia kwa dakika nyingi kwa siku. Mwenye saa atarudi akisema imeharibika zaidi, naye atakuwa na haki.

Kamani mpya huja imebanwa ndani ya pete. Iweke pete juu ya pipa, hakikisha mzunguko unaelekea upande sahihi, uisukume iingie moja kwa moja. Wapo wanaoizungushia humo kwa vidole. Ikiingizwa hivyo hupinda kama koni, ikakwaruza mfuniko wa pipa na kupoteza nguvu ambayo hutajua imekwenda wapi.

Kwa automatiki, kabla ya kuiingiza, weka vidoa vitano au sita vya grisi ya breki, kama Moebius 8217, kwenye ukuta wa pipa. Bila grisi hiyo, au ikiwa imekauka, kamani huteleza mapema: saa hutembea usiku mmoja tu badala ya saa 40 hivi. Usiweke grisi hiyo kwenye saa ya ufunguo wa kawaida.

Hatua ya 6: Automatiki isiyojaa mkononi

Ikijaa kwa ufunguo lakini ikafa usiku baada ya kuvaliwa mchana kutwa, tatizo liko kwenye rota. Kwanza angalia ndani ya mfuniko wa nyuma. Mkwaruzo wa duara maana yake rota imelegea au beringi yake imechakaa.

Kwenye ETA 2824-2, mashine ya automatiki ya Uswisi, jaza kwa ufunguo mfuniko ukiwa wazi. Rota ikizunguka kama feni unapojaza, magurudumu ya kugeuza mwelekeo yamekwama kwa mafuta machafu. Yasafishe kwa petroli ile ile, na yatiwe mafuta kwa kipimo kidogo sana. Mafuta mengi ndiyo yaliyoyagandisha mwanzo.

Mashine ya Seiko kama 7S26 au 4R36 haina magurudumu hayo. Inatumia wenzo wenye makucha mawili, moja likivuta na lingine likisukuma, kila rota inapogeuka upande wowote. Angalia ncha za makucha kwa lenzi. Zikiwa zimeviringika, badilisha wenzo mzima. Kuzinoa ni kupoteza muda.

Hatua ya 7: Jaribu

Kwa saa ya ufunguo, jaza ukihesabu mizunguko hadi ikaze yenyewe: nyingi huchukua kati ya 20 na 40. Andika idadi hiyo na saa uliyojaza, uilaze uso juu, usiiguse. Baada ya saa 24 iwe bado inatembea. Kwa automatiki, ijaribu ikiwa imejaa kabisa mezani kwanza, kisha mkononi kwa siku mbili. Ikifaulu mezani na kufeli mkononi, rudi hatua ya 6 uangalie rota upya kabla ya kufunga mfuniko.