Jinsi ya kushika na kutunza upanga wa kale wa Kijapani

Kabla hujaugusa, vua saa, pete na bangili. Nawa mikono na uiache ikauke kabisa. Kisha shika jambo moja: kazi yako ni kuuzuia upanga usiharibike, si kuufanya upya. Panga la shambani hutiwa kinoo kila siku, lakini katana ya miaka 400 haitiwi kinoo wala haipigwi msasa. Kuing'arisha ni kazi ya togishi, fundi aliyesomea mawe yake kwa miaka mingi, na hata yeye kila anapoing'arisha chuma kinapungua.

Hatua ya 1: Kuchomoa

Kagua mpini. Kuna kijiti cha mwanzi, mekugi, kinachopenya mpini na mkia wa upanga na kuvishikanisha. Kikiwa hakipo au kimelegea, usichomoe.

Makali yaelekee juu. Shika ala kwa mkono wa kushoto, vidole visizunguke upande wa makali, kwa sababu ala ni vipande viwili vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi ya wali. Mshono ukiachia, chuma kinapita moja kwa moja hadi kiganjani. Sukuma kidogo mpaka habaki, ile kola ya shaba iliyo kwenye shina la bapa, iachie mdomo wa ala. Kisha vuta polepole bila kusita, mgongo wa upanga ukiteleza juu ya mbao.

Usizungumze juu ya bapa, mate yakiliangukia huleta kutu. Usiliguse kwa kidole pia. Nilipokuwa najifunza niliwahi kuligusa kwa kidole gumba, nikafuta harakaharaka nikadhani yamekwisha. Wiki chache baadaye alama ya kidole changu ilikuwa imejichora pale kwa kutu, mistari yake yote ikionekana.

Hatua ya 2: Kuvua mpini

Gonga mekugi kwenye ncha yake nyembamba itokee upande wa pili. Simamisha upanga ukiegemea nyuma kidogo, mkono wa kushoto ukishika kitako cha mpini, halafu piga kifundo cha mkono huo kwa ngumi ya kulia. Anza taratibu. Tanto, yaani jambia la Kijapani, ni fupi na nyepesi, inaweza kuruka nje kwa pigo moja.

Sasa mkia uko wazi: nakago. Utaukuta mweusi au wa kahawia iliyokolea, pengine na jina la fundi na mahali pake, kama Osafune katika jimbo la zamani la Bizen. Rangi hiyo ni kutu ya zamani, usiisugue kamwe. Wataalamu husoma umri wa upanga kutokana na rangi yake na jinsi ilivyoingia ndani ya chuma, na mtu akiisafisha amefuta ushahidi usiorudi. Nimeona panga nzuri zilizoharibiwa hivyo na watu waliokuwa na nia njema, na inaniuma kila mara.

Hatua ya 3: Kufuta na kupaka

Kunja karatasi laini ya washi, yaani karatasi ya jadi ya Kijapani, ishike kutokea upande wa mgongo, futa kutoka habaki kuelekea nchani. Usirudishe nyuma. Wengi hufuata na uchiko, unga wa jiwe uliofungwa kwenye hariri, wakiudondosha kidogokidogo na kuufuta. Mimi huutumia kwa nadra, maana unga ni unga wa jiwe, na ukizidi hufifisha mng'aro. Spiriti safi na kitambaa laini hutosha.

Tazama bapa chini ya taa kabla hujapaka. Ukiona kutu nyekundu mpya, usiikwangue, mpelekee togishi.

Mafuta ya asili huitwa choji, yaani karafuu. Aliyekulia Pemba ataijua harufu yake mara moja. Siku hizi mengi ni mafuta mepesi ya madini yaliyotiwa karafuu kidogo. Usipake mafuta ya karafuu matupu, wala ya kupikia, ambayo hugandamana. Paka tabaka jembamba sana, maana yakizidi huingia ndani ya ala na kushika vumbi. Rudia kila miezi 6 hivi. Mahali penye unyevu, au kama umeng'arishwa karibuni, rudia mapema zaidi.

Hatua ya 4: Kurudisha

Ingiza mkia mpinini, gonga kitako kwa kiganja ukae sawasawa, rudisha mekugi. Ingiza upanga alani makali yakiwa juu, ulaze mahali pakavu. Kama uko Japani, cheti chake cha usajili kikae pamoja nao.