Kusaka kisima chenye kipindupindu kwa njia ya daktari John Snow

John Snow, mtoto wa kibarua wa York aliyezaliwa mwaka 1813, alikuwa daktari wa London wakati ambapo wenzake wengi waliamini kipindupindu huletwa na hewa yenye uvundo. Yeye alisema ni maji, akaandika hivyo mwaka 1849. Kazi aliyoifanya mtaa wa Broad Street, London, mwaka 1854, ya kuchora ramani ya vifo vya kipindupindu kuzunguka kisima chenye pampu, inaweza kufanywa leo Kisauni au Likoni, Mombasa, kwa karatasi ya manila, kalamu na miguu.

Mwenye kuhara maji maji apelekwe kituo cha afya kwanza, na kituo kijulishwe. Njiani anywe maji safi lita 1 yaliyotiwa sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko kidogo, vyote vya kufuta. Ramani hufuata baadaye.

Chora vichochoro, msikiti, maduka, kila kisima, kila kioski cha maji na kila choo cha shimo. Kule Broad Street shimo la maji machafu lilikuwa chini ya mita 1 kutoka kisimani. Mombasa hata mita 30 zisikupe raha, kwani mwamba wetu wa matumbawe una nyufa na uchafu hupenya mbali.

Kila mgonjwa mpe kistari kimoja mbele ya nyumba yake, cha mgonjwa wa pili wa nyumba hiyo juu ya cha kwanza. Daftarini andika umri, siku aliyoanza kuhara (si siku aliyofika hospitali), na maji yote aliyokunywa siku 5 kabla. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukiuliza “mnachota wapi?”, utajibiwa bomba la nyumbani, basi. Uliza: kazini alikunywa nini? Madrasa je? Mtungi wa juzi uliletwa na mkokoteni gani, nao ulijazwa wapi? Kisha mtafute muuza maji mwenyewe, umwamkie vizuri na umweleze shida ya mtaa. Akihisi anashtakiwa, atataja kisima kingine.

Umbali upime kwa mwendo wa miguu. Katika Mji wa Kale kisima kilicho nyuma ya ukuta kinaweza kuwa mbali kuliko kile cha mtaa wa pili. Snow naye alichora mstari wa mahali ambapo mtu angetembea umbali uleule kufikia pampu ya Broad Street au nyingine.

Vistari vikijazana karibu na kisima kimoja, usitangaze bado. Mtu wa hewa mbaya angeitazama ramani hiyohiyo akasema uvundo umekaa pale. Tafuta wasiolingana nayo, maana wao ndio ushahidi wenyewe. Jirani na pampu ile palikuwa na nyumba ya maskini yenye watu 535. Walikufa 5 tu, kwa kuwa walikuwa na kisima chao. Wafanyakazi wapatao 70 wa kiwanda cha bia hapo hapo hawakufa hata mmoja: walikuwa na kisima chao, tena walipewa bia. Kule Hampstead, mbali kabisa, alikufa mjane aliyeyapenda maji ya Broad Street akawa analetewa kwa gari la farasi. Mpwa wake wa Islington aliyakunywa, naye akafa. Kwa hiyo ingia nyumba iliyo ubavuni mwa kisima ambayo haina mgonjwa, na mfuate mgonjwa wa mbali mpaka ujue mtungi wake ulitoka wapi.

Maji kuwa maangavu na matamu si hoja. Mjane yule aliyapenda kwa ladha yake.

Mpelekee ramani afisa wa afya ya umma achukue sampuli. Kisima kisifungwe kabla watu hawajaonyeshwa maji mengine, la sivyo watachota usiku. Wala usidai kufunga ndiko kulikomaliza ugonjwa: mpini wa pampu ile uliondolewa tarehe 8 Septemba, vifo vikiwa vimeanza kupungua kwa sababu wengi walikuwa wamehama.

Kwenye ramani andika namba, usiandike majina. Majina yabaki daftarini, na daftari libaki kwa mtu mmoja.