Hoki ya barafu: punguza uwanja, pasi zitanyooka
Makocha, kama vijana wako wanapiga pasi safi mazoezini alafu kwenye mechi wakibanwa tu wanapoteza paki (kile kisahani kinachopigwa kwa stiki), mara nyingi shida sio mikono, ni kwamba hawajazoea kucheza na mtu mgongoni. Koni za mazoezini hazimkabi mtu.

Kata uwanja. Chukua kona moja, sogeza goli karibu, weka 2 kwa 2 au 3 kwa 3, wacheze kwa nguvu zote sekunde 40 hivi, karibu sawa na zamu moja ya mechi, alafu wengine waingie. Sheria ni moja, ukipokea una sekunde 2 uwe umetoa pasi au umepiga, ukichelewa paki inaenda kwa wapinzani. Utaona wanaanza wenyewe kugeuza shingo kabla paki haijafika, na hapo ndo kazi yote ilipo aisee, maana mtu anayejua mwenzake yuko wapi kabla hajapokea hapaniki.

Barafu ndogo sio kikwazo kabisa, timu ya hoki ya barafu ya Ice Lions wa Kenya imekulia pale hoteli ya Panari Nairobi, uwanja mdogo kuliko ule wa kawaida wa mita 60.

Kwenye kupiga goli, wakataze kuinua stiki juu kwanza, mpaka ishuke beki ashafika. Waachie shuti kwa kifundo cha mkono paki ikiwa bado inateleza, na wapige hata kama hawajakaa sawa, golikipa naye anakuwa hajajipanga.