Kabla ya Kuukabidhi Mfumo wa Linux Feni ya Kompyuta Yako

Anza na vumbi. Katika joto la Kisumu, feni inayonguruma kutwa nzima huwa, mara nyingi, imezibwa tu, wala haina kosa lolote la mipangilio. Fungua kompyuta na uisafishe kwanza.

Hesabu waya za feni. Yenye waya nne hupokea amri ya kasi kupitia waya wa nne, ilhali yenye tatu hupunguzwa kasi kwa kupunguziwa volti, jambo ambalo si kila ubao mama unaliweza. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya ubao mama inayofunguliwa kabla ya Linux kuwaka, uandike daftarini mpangilio ulioukuta, ndipo uguse chochote.

Sakinisha lm-sensors, kifurushi cha kusoma vihisi vya joto na feni, endesha amri yake ya sensors-detect inayotafuta vihisi, kisha sensors inayoonyesha vipimo vyake. Ikiwa mizunguko ya feni haionekani kabisa, huenda moduli (kipande cha Linux kinachozungumza na kifaa) ya chipu inayoisimamia haijapakiwa, nawe usiendelee kwa kubahatisha. Amri ya pwmconfig nayo, ya kuandaa mipangilio ya feni, husimamisha feni moja baada ya nyingine ili kubaini ipi inatii amri ipi, kwa hiyo usiiendeshe wakati mashine ina kazi nzito.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu namba za hwmon, majina ambayo Linux huvipa vihisi. Vihisi vyote huorodheshwa katika /sys/class/hwmon kama hwmon0, hwmon1 na kuendelea, lakini namba hizo hutolewa kwa kufuata mpangilio wa moduli kupakiwa, na mpangilio huo unaweza kubadilika kompyuta inapowashwa upya. Mimi sikulijua hilo. Niliandika skripti yangu mwenyewe, nikaweka 1 katika pwm1_enable, faili la kuchagua nani anaidhibiti feni, maana yake nikaipokonya mashine udhibiti wake wa kujiendesha, kisha nikaiagiza isome joto kutoka hwmon1 na kuandika kasi kati ya 0 na 255, ambayo ndiyo kasi kamili. Ilifanya kazi vyema kwa wiki kadhaa. Usiku mmoja umeme ulipotea na kurudi, nikawasha mashine, nikaiacha ikiandaa video ya mazishi ya familia moja, nami nikaenda kulala. Kumbe hwmon1 sasa ilikuwa kihisi cha diski, si cha prosesa. Diski ilisoma 38000, yaani nyuzi 38, kwa kuwa faili hizo huandika joto kwa sehemu za elfu za nyuzi, na skripti ikaridhika na kuacha feni ikizunguka polepole huku prosesa ikiungua. Alfajiri niliikuta imejizima, ubavu wa kasha ukiwa bado na joto mkononi, na video haikuwa imefika hata nusu. Saa moja mzee wa familia alibisha hodi. “Kijana, wageni wanarudi Nairobi saa tatu,” akaniambia, nami sikuwa na cha kumpa.

Basi usitegemee namba. Iagize skripti isome faili iitwayo name ndani ya kila saraka na kutafuta coretemp kwa prosesa za Intel au k10temp kwa za AMD, na isipoipata, irudishe pwm1_enable katika thamani uliyoikuta mwanzoni. Afadhali zaidi utumie fancontrol, programu iliyo tayari ya kudhibiti feni, ambayo hulinganisha majina ya vifaa na yale yaliyo katika faili lake la mipangilio, na hukataa kuanza yasipolingana.

Hakikisha pia kwamba udhibiti unarejea baada ya kompyuta kulala na kuamka. Usiweke kasi ya chini kabisa kuwa 0, na siku ya kwanza usiiache mashine peke yake, hasa ikiwa imebeba kazi ya mtu mwingine.