Josho, mayai na kalenda: kuondoa wadudu wa matumbawe kwenye tangi la nyumbani

Dawa ya josho inaua minyoo na makoa waliokwisha kuanguliwa. Mayai inayaacha salama. Ndiyo maana mtu anaosha matumbawe yake vizuri, anaona wadudu wamejaa chini ya beseni, anayarudisha tangini kwa furaha, na baada ya wiki tatu matawi yanaanza kupauka upya. Mwongozo huu unahusu zaidi maadui wawili wa matumbawe magumu: minyoo bapa wa Akropora na makoa wa Montipora (Akropora na Montipora ni aina mbili za matumbawe hayo). Aiptasia, anemoni msumbufu wa kahawia, nitamgusia mwishoni, maana ni matangi machache asiyofika.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mdudu, kisha mjue ni nani

Tumbawe likipauka, pima maji kwanza: chumvi (lenga gramu 35 kwa kilo ya maji), joto na alkali. Umeme ukikatika mchana kutwa Dar au Mombasa, joto peke yake linatosha kuyapausha matumbawe yote kwa pamoja. Mdudu hafanyi hivyo. Yeye huchagua aina moja na kuiacha jirani yake ikiwa nzima.

Minyoo bapa wa Akropora (*Prosthiostomum acroporae*) hukaa upande wa kivuli, chini ya matawi na karibu na shina. Wanapokula huacha vidoa vyeupe vya duara, upana wake kama milimita moja, vimetawanyika juu ya nyama ya tumbawe. Mnyoo mwenyewe anaweza kuwa mbele ya macho yako usimwone, kwa sababu ni mwembamba, anapitisha mwanga, na amebeba rangi ya tumbawe analolila. Chukua pipeti kubwa yenye mpira, ipulize kwa nguvu kwenye tawi, na uangalie kinachong'oka. Ukiona kitu kama ukoko kinaelea huku kikijikunja, ni yeye. Kisha tafuta mayai pale nyama inapoishia na mfupa mtupu unapoanza. Ni vidonge vidogo vya rangi ya dhahabu inayoelekea kahawia, vimebanana, vimeganda kwelikweli. Kila kidonge kina viluwiluwi vingi ndani, si kimoja.

Koa wa Montipora ni mweupe, urefu wa milimita chache, na mgongoni ana vishada laini. Geuza sahani ya Montipora juu chini utamkuta ukingoni, akiacha mstari mweupe kila anapopita. Mayai yake nayo ni meupe, kwenye mpaka huohuo wa nyama na mfupa.

Wapo pia wadudu wekundu wa Akropora, vijipunje vya njano vyenye doa jekundu, nusu milimita tu. Hao ni jamii ya kamba, kwa hiyo tiba yao ni nyingine: milbemaisini, dawa ya minyoo ya mbwa inayotolewa na daktari wa mifugo. Itaua pia kamba na kaa wako wote, basi wahamishe kwanza.

Na tafadhali, mnyoo mwenye miba anayetambaa mchangani usiku mwache. Wengi wao wanakula mabaki na kusafisha tangi.

Hatua ya 2: Mnyime chakula

Wadudu hawa ni wachaguzi, na hapo ndipo tunapowapatia. Mnyoo bapa wa Akropora anaishi kwa Akropora. Koa wa Montipora hali Akropora wala matumbawe laini. Kwa hiyo huna haja ya kuvunja tangi zima. Toa Akropora zote, hata zile zinazoonekana nzima, uziweke kwenye tangi la karantini. Tangi kubwa libaki bila Akropora kwa wiki 6 au zaidi, na minyoo watakaoanguliwa humo watakufa njaa.

Neno "zote" lina maana yake. Akropora iliyotambaa juu ya jiwe huacha ngozi nyembamba hata baada ya kung'olewa, na ngozi hiyo ni chakula. Ibandue kwa patasi, au ifunike yote kwa gundi ya epoksi.

Karantini haihitaji kuwa ya fahari. Tangi la lita 40 hadi 60 linatosha, lisilo na mawe wala mchanga, lenye pampu ya kusukuma maji, taa ya kutosha na kifaa cha kudhibiti joto. Chini kuwe kioo kitupu ili kila kinachodondoka ukione na kukinyonya.

Hatua ya 3: Josho

Andaa vyombo vitatu: beseni jeupe la dawa, na ndoo mbili za kusuuzia. Vyote vijaze maji ya tangi lako mwenyewe, yenye chumvi na joto lilelile. Beseni liwe jeupe kwa sababu unataka kuona. Kwenye beseni la buluu utaosha usijue kama ulikuwa na tatizo au hukuwa nalo.

Dawa za dukani kama Coral Rx au ReVive ndizo ninazozipendekeza. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ukizikosa, iodini ya Lugol ya asilimia 5 inasaidia: matone 5 hivi kwa lita moja, maji yawe na rangi ya chai ya rangi iliyochujwa nyepesi, dakika 10 hadi 15. Anza na kipande kimoja, ukisubiri siku moja kabla ya kuendelea na vingine. Wapo wanaotumia viuatilifu vya bustani vyenye imidaklopridi. Vinaua minyoo, ndiyo, lakini matone machache yakirudi tangini kamba wamekwisha. Mimi sivitumii.

Tumbawe likiwa ndani ya dawa, usiliache limekaa tu. Shika pipeti na upulize kila upande, kila kona ya matawi, muda wote wa josho. Dawa inawalegeza, lakini ni mkondo wa maji unaowang'oa. Kisha suuza ndoo ya kwanza, suuza ya pili, ndipo uliweke karantini. Maji ya dawa yasirudi tangini hata kidogo.

Vaa glavu na miwani. Kwa anayefuga zoanthi (jamaa laini wa matumbawe, wanaoishi kwa makundi juu ya mawe), hili si jambo la hiari: baadhi yao wana palitoksini, sumu kali mno. Kamwe usichemshe jiwe lenye zoanthi ili kulisafisha, kwani mvuke wake umelaza watu hospitali.

Hatua ya 4: Mayai

Hatua hii ndiyo inayoamua, na ndiyo watu wanayoiruka. Baada ya kila josho, kaa chini na miwani ya kukuza na tochi, ukague mfupa wote mtupu. Mayai unayoyaona yakwangue kwa ncha ya kisu au mswaki mgumu, ukifanya hivyo nje ya tangi. Yale yaliyoingia kwenye nyufa yafunike kwa supaglu.

Kwa kawaida njia bora ni kukata. Shina lililokufa ndiko mayai yanakotagwa, basi kata kwa koleo juu yake, ubakize matawi yenye nyama tupu kuanzia juu hadi chini, na uyagandishe kwenye vitako vipya, yaani vipande vidogo vya kusimamishia tumbawe. Inauma kukata Akropora uliyoilea kwa miaka, najua. Lakini tumbawe kubwa lenye shina lililokufa ni nyumba ya mayai, na vipande vitano visafi vitakua tena.

Hatua ya 5: Rudia kwa kalenda

Katika joto la nyuzi 25 hadi 27, mayai ya minyoo bapa huanguliwa kati ya wiki ya pili na ya tatu, na mnyoo mchanga huhitaji zaidi ya mwezi kukomaa hadi kutaga. Unachotafuta ni kumuua kila anayeanguliwa kabla hajataga. Fanya josho kila baada ya siku 5 hadi 7, kwa wiki 6. Andika tarehe ukutani, pamoja na idadi ya wadudu uliowaona beseni likituama. Ukipata hata mmoja wiki ya tano, anza kuhesabu upya.

Samaki kama *Halichoeres melanurus* hula minyoo anayoiona na hupunguza idadi yao. Hamalizi kazi, kwa kuwa mayai hayali.

Aiptasia

Huyu anemoni wa kahawia usimkwangue wala kumkata: kila kipande cha kitako chake kinachobaki kinaota mwingine. Zima pampu, changanya hidroksidi ya kalsiamu na maji kidogo hadi iwe uji mzito, na kwa bomba la sindano mfunike mdomoni taratibu kabla hajajikunja. Wakiwa wengi, tafuta koa aina ya *Berghia*, ambaye chakula chake ni aiptasia tu na akimaliza anakufa njaa. Kamba wa *Lysmata wurdemanni* husaidia pia, ila wengine hawana hamu.

Kila kipande kipya

Kitupe kitako kilichokuja nacho, hata kikiwa kizuri, kwani mayai na aiptasia husafiria hapo. Josho siku ya kwanza, kisha karantini wiki 6 kwa kalenda ileile. Nunua kwa mfugaji au muuzaji mwenye vibali. Matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuyavunja ndani ya hifadhi kama Watamu au Mafia ni kosa.

Maji ya josho na wadudu uliowanyonya usivimwage ufukweni wala kwenye mfereji unaoelekea baharini. Vimwage chooni.