Jinsi ya kukagua fensi ya umeme kabla haijamdhuru mtu

Watu huogopa volti 8,000 za fensi na kuzoea volti 240 za soketi. Kwa kweli cha kuogopwa zaidi ni soketi. Mashine ya fensi hutoa mpigo mmoja kila sekunde moja hivi, na mpigo wenyewe haumalizi hata sehemu ya mia ya sekunde. Misuli inakaza, inalegea, unaondoa mkono. Fensi ya milima ya Aberdare nchini Kenya, karibu kilomita 400, iliyokamilika mwaka 2009, huzuia ndovu kwa mipigo ya aina hii. Stima ya nyumbani haipumziki. Mkondo wa umeme unaopita mwilini hupimwa kwa miliampia: 10 hivi zinatosha kukaza vidole vishindwe kuachia waya, na zikizidi 30 kifuani, moyo unaweza kuvurugika.

Hatua ya 1: Fuata waya hadi mwanzo wake. Lazima uishie kwenye mashine ya fensi. Ukikuta umeungwa moja kwa moja na stima, usiuguse: zima meni swichi, kisha uondolewe wote. Huo ndio uzio unaoua watu mashambani, na aliyeufunga mara nyingi alikuwa anawinda ngiri au mwizi wa mahindi tu. Wengine hufunga balbu katikati eti ipunguze makali. Balbu ya wati 100 ikiwaka inapitisha miliampia 400 hivi; haimkingi mtu yeyote.

Hatua ya 2: Hesabu mashine. Fensi moja, mashine moja. Mashine mbili zikipiga kwa kupishana, aliyeshika waya anakosa nafasi ya kuachia. Nunua iliyotengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60335-2-76.

Hatua ya 3: Ondoa seng'enge ya miiba. Usiitie umeme kamwe. Inanasa nguo na ngozi, na anayenaswa hupigwa tena na tena. Vivyo hivyo, zuia watoto wasipenye chini ya waya: mpigo wa kichwani au shingoni unaweza kumwangusha mtu hapo hapo akabaki amelalia waya. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo akae mbali kabisa. Bango la onyo liwekwe kila upande watu wanakopita.

Hatua ya 4: Pima athi, yaani vyuma vinavyounganisha mashine na ardhi. Chimbia vyuma vitatu vya mabati, mita 3 kati yao, na angalau mita 10 kutoka athi ya nyumba. Zima mashine, nenda mita 100 hivi, egemeza fimbo za chuma kwenye waya ziguse udongo, washa, kisha pima kwenye chuma cha athi kwa kipima fensi. Zikizidi volti 300, ongeza vyuma. Kiangazi udongo hukauka, kwa hiyo rudia kipimo.

Hatua ya 5: Pima waya kwa kipima fensi. Mita ya kawaida ya fundi haisomi mpigo mfupi hivyo, na inaweza kuungua. Ng'ombe wanahitaji volti 3,000 au zaidi. Kondoo, kwa ajili ya manyoya, 4,000 na kuendelea.

Mtu akinaswa: zima chanzo kwanza. Kama ni stima, usimshike kabla haijazimwa. Asipopumua, anza kumkandamiza kifua huku mwingine akiita msaada. Aliyepigwa na stima akazimia, akaungua au akahisi moyo unaruka apelekwe hospitali hata akisema amepona, kwa sababu umeme huunguza ndani huku ngozi ikionyesha alama ndogo tu.