Ukifika Bengaluru, anza kula Basavanagudi

Ndugu zangu mnaokuja Bengaluru, India, kusoma au kuuguza mtu, msiishie kwenye migahawa ya maduka makubwa. Asubuhi nendeni mgahawa wa Vidyarthi Bhavan, Gandhi Bazaar, mtaa wa Basavanagudi, ambao upo tangu 1943. Agiza masala dosa. Ni kama chapati ya maji, ila imetengenezwa kwa mchele na dengu zilizochachushwa, ikakaangwa kwa samli mpaka nje ikawa kahawia na inavunjika kwa kidole. Ndani ni laini, na viazi vya manjano. Mhudumu anakuja na sahani zimepangwa mkononi mpaka begani, anakuwekea yako mezani bila kumwaga chatini. Mimi kila mara nasimamisha mazungumzo nimtazame.

Ijumaa wamefunga. Jumamosi na Jumapili foleni ni ndefu, kwa hiyo wahi mapema, na usishangae kuketishwa meza moja na wageni. Ndivyo kwao.

MTR (Mavalli Tiffin Rooms) ya Lalbagh Road, mgahawa wa mwaka 1924, nayo ni nzuri. Ila hapo kula rava idli, kikeki cha semolina kilichopikwa kwa mvuke, kisha umalizie na kahawa ya maziwa.

Nyama? Hizo sehemu mbili hazina kabisa. Panda riksho mpaka Fraser Town, hasa jioni za Ramadhani, uulize haleem. Ngano na nyama iliyopondwa ikalainika. Aliyekulia boko boko ataijua kabla hajameza, ingawa viungo vyao ni vikali zaidi.